Krapf Apanda Usambara
Soma Zaburi 56:3. Mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa, mmishonari Johann Ludwig Krapf alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, naye mwenyewe akiwa mgonjwa wa homa. Alipopona, hakuondoka. Mwaka 1848 alipanda milima ya Usambara hadi Vuga, akapokewa vema na mfalme Kimweri. Mwaka 1851, huko Ukambani, wanyang'anyi waliushambulia msafara wake; akatoroka peke yake, akitembea usiku, maji ameyatia katika mtutu wa bunduki. Hofu aliijua huyu! Hata hivyo mwaka 1852 alipanda tena kwa Kimweri. Alifariki Novemba 1881 huko Ujerumani; walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda.