Lambo, daktari aliyewatibu wagonjwa wa akili kijijini

Kama una ndugu mwenye ugonjwa wa akili, huenda unaijua safari hii. Kwanza familia inaficha. Kisha mnakwenda kwa mganga, au kwenye maombi, au kote kuwili. Hospitali inakuja mwisho, wakati mwingine mgonjwa akiwa amefungwa kamba. Mkifika mnagombezwa kwa kuchelewa.

Wiki hii nakusimulia maisha ya daktari Mwafrika ambaye hakuanza kwa kuigombeza familia. Alianza kwa kuuliza kwa nini watu wanaikimbia hospitali.

Thomas Adeoye Lambo alizaliwa mwaka 1923 Abeokuta, mji wa Wayoruba kusini magharibi mwa Nigeria. Alisomea udaktari Birmingham, Uingereza, kisha akabobea katika magonjwa ya akili London. Anatajwa kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupata ubingwa huo. Nyumbani alikotoka, nyumba za vichaa zilizojengwa na serikali ya kikoloni zilifanana zaidi na gereza. Mgonjwa aliingia, ndugu wakabaki nje ya geti. Usishangae kwamba watu waliziogopa.

Mwaka 1954 Lambo alianza kazi katika hospitali mpya ya Aro, nje kidogo ya Abeokuta. Badala ya kusubiri wodi zijae vitanda, alikwenda kuzungumza na wazee wa vijiji jirani. Waliafikiana kwamba wenyeji wapangishe vyumba kwa wagonjwa, na kila mgonjwa aje na angalau ndugu mmoja, awe mama, shangazi au kaka. Ndugu huyo alimpikia, alimfulia, alimpeleka hospitali asubuhi na kurudi naye mchana. Jioni mgonjwa alikuwa kijijini, kati ya watu wanaochota maji, wanaolima na wanaopiga soga.

Wenyeji nao walinufaika. Walipata kodi ya vyumba, na vijiji vikaboreshewa maji na vyoo. Mgonjwa wa akili akawa mpangaji na jirani, si mtu wa kutupiwa mawe.

Lambo alikwenda mbali zaidi. Aliwaalika waganga wa jadi washirikiane na hospitali. Walijua Wayoruba wanaelezaje ugonjwa, hofu gani inamsumbua mgonjwa, na mila zipi zinampatanisha na ukoo wake. Hata hivyo, elewa vizuri hapa: hakuiacha tiba ya hospitali. Dawa na tiba ya umeme ziliendelea kutolewa na madaktari na wauguzi. Mganga na daktari walifanya kazi mahali pamoja, kila mmoja akijua mwenzake anafanya nini.

Kulikuwa na vita nyingine. Daktari J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Fikiria maana yake kwa mgonjwa: unakwenda na huzuni inayokutafuna, na daktari ameshaamini kwamba mtu kama wewe haugui hivyo. Lambo alipinga maandishi hayo. Pamoja na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliongoza utafiti katika vijiji vya Wayoruba. Walikuta dalili za sonona zipo, ingawa lugha ya wenyeji haikuwa na neno moja la kuutaja ugonjwa huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1963.

Baadaye Lambo alikuwa profesa na kisha makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Ibadan, halafu naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 80. Wazo la kijiji halikuishia Nigeria. Tanzania nayo ilianzisha vijiji vya kuwarejesha wagonjwa wa akili katika maisha ya kawaida, kama Vikuruti, Dar es Salaam.

Wewe mzazi au mgonjwa unachukua nini hapa?

Kwanza, sikiliza lugha ya nyumbani kwako. Anayesema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili umechoka na usingizi hauji, huenda anaeleza sonona au wasiwasi uliozidi. Vipimo vya malaria vikirudi safi mara kwa mara, mwambie daktari pia habari za mawazo na huzuni.

Pili, usimpeleke mgonjwa hospitali na kumwacha. Nenda naye, kaa naye, uliza dawa inaitwaje na itatumika kwa muda gani. Ndugu wa Aro walikuwa sehemu ya tiba.

Tatu, kama mmepita kwa mganga au kwenye maombi, sema bila aibu. Daktari anahitaji kujua dawa za mitishamba alizokunywa, maana baadhi hugongana na dawa za hospitali. Na usiache vidonge kwa sababu umeambiwa umepona. Rudi kwanza kwa aliyekuandikia.

Nne, imani isiwe sababu ya kuchelewa. Mtu asiyelala usiku kadhaa mfululizo, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayekataa kula au anayesema anataka kufa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ombeni njiani mkitaka, lakini nendeni. Ugonjwa wa akili ukiachwa muda mrefu bila tiba, kupona huwa kugumu zaidi.

Na ukimfunga kamba au mnyororo, unaongeza hofu na majeraha. Ita ndugu wawili watatu anaowaamini, wazungumze naye kwa upole, muongozane naye. Mgonjwa anayefika akiwa katikati ya watu wake ana sababu ya kurudi tena kliniki.