Imamu Ghazali Alipofungwa Ulimi

Jina la Imamu Ghazali si geni kwetu sisi watu wa pwani. Tangu utotoni tumelisikia likitajwa darsani, na wengi wetu tumekulia katika nyumba zenye kitabu chake kimoja au viwili. Lakini leo sikusudii kuieleza elimu yake, kwani elimu hiyo ina wenyewe. Nataka kumweleza Ghazali aliyechoka, kwa kuwa huyo ndiye niliyemjua siku nami nilipochoka.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisomesha shuleni asubuhi, jioni nikizunguka majumbani kuwafundisha watoto wa watu, na usiku nikisahihisha madaftari hata taa za majirani zote zizimwe. Nikijiona shujaa. Siku moja nikasimama mbele ya darasa, chaki mkononi, na somo nililokuwa nimelisomesha miaka 10 likanitoka lote. Wanafunzi wakanitazama, nami nikawatazama. Daktari alinipima asione ugonjwa. Maalimu wangu wa chuoni, mzee wa mtaani kwetu, alipopata habari hakunipa dawa wala hakunikemea. Alinikalisha barazani akanisimulia maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 900 iliyopita. Tangu siku hiyo nimeyasoma tena na tena, na leo nawasimulia nanyi.

Abu Hamid Muhammad Ghazali alizaliwa mwaka 1058, sawa na mwaka 450 wa Hijria, katika mji wa Tus, nchi ya Khorasan, ambayo leo ni sehemu ya Iran. Inasimuliwa kwamba babake alikuwa mtu maskini, kazi yake kusokota sufu. Alipohisi mauti yamemkaribia, aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa sahibu yake mcha Mungu, pamoja na akiba ndogo ya kuwasomeshea. Akiba ilipokwisha, yule sahibu naye hakuwa na kitu, akawashauri waingie madrasa ambako wanafunzi walipewa chakula. Basi mwanachuoni huyu mkubwa aliingia madrasa ili apate kula.

Akiwa kijana alisafiri hadi Jurjan kutafuta elimu. Njiani akirudi, wanyang'anyi waliushambulia msafara wakachukua kila kitu, pamoja na madaftari aliyoandika masomo yake. Akamfuata mkubwa wao, akamsihi amrudishie karatasi hizo ambazo kwa mnyang'anyi hazikuwa na faida. Yule mtu akacheka, akashangaa vipi kijana huyu anadai kuwa ana elimu, na ilhali akinyang'anywa mfuko tu elimu yake imekwisha. Karatasi akarudishiwa, lakini maneno yale yalimchoma. Alifika Tus akakaa miaka 3 akihifadhi moyoni yote aliyoyaandika. Hapo ndipo ilipoanza ile hima yake ya kufanya kazi kutwa kucha.

Kutoka Tus akenda Nishapur kwa Imamu Juwayni, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, madhehebu tunayoyafuata wengi wetu pwani hii. Alikaa naye mpaka shekhe huyo alipofariki mwaka 1085. Kisha akajiunga na baraza la Waziri Nizam al-Mulk, ambako maulamaa walikuwa wakijadiliana mbele ya wakubwa. Ghazali aliwashinda wengi. Mwaka 1091 waziri akampeleka Baghdad kusomesha katika madrasa ya Nizamiya, cheo kilichotamaniwa na wanavyuoni wote wa zama zile. Umri wake ulikuwa miaka 33 hivi.

Sasa tumtazame mtu huyu na siku yake. Alikuwa na wanafunzi 300. Watawala walimtaka shauri, watu walimletea maswali, na vitabu aliviandika kimoja baada ya kingine. Juu ya hayo, katika zile saa chache zilizobaki, alijisomea falsafa peke yake bila ya mwalimu, na kwa muda usiotimia miaka 2 akaijua yote, akaongeza karibu mwaka mzima wa kuifikiri. Mtu wa leo angemsifu kwamba hapotezi hata dakika moja. Lakini wahenga wetu walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Ukingo ulifika mwezi wa Rajabu mwaka 488 wa Hijria, yaani Julai mwaka 1095. Kwa muda wa karibu miezi 6 Ghazali alikuwa akivutwa huku na huku na nafsi yake. Alikuwa amejichungua akaona kwamba kazi yake yote hiyo, ijapokuwa ni kazi ya dini, ilikuwa ikisukumwa na kutaka cheo na sifa. Asubuhi akaazimia kuondoka, jioni azma ikavunjika. Hatimaye ulimi wake ukafungwa. Alijitahidi kusomesha walau siku moja ili kuwaridhi wanafunzi, neno lisitoke. Huzuni ikamshuka moyoni, chakula kikawa hakipiti kooni wala hakisagiki tumboni, nguvu zikamwisha. Matabibu wakakata tamaa, wakasema maradhi yametoka moyoni, na hayana dawa mpaka moyo utulie.

Wako wanahistoria wanaokumbusha kuwa Nizam al-Mulk alikuwa ameuawa mwaka 1092, na Sultani Malikshah akafariki mwaka huo huo, na kwamba huenda Ghazali alihofia fitina za wakati ule. Huenda. Lakini yeye mwenyewe, katika kitabu alichokiita Al-Munqidh min al-Dhalal, alitaja moyo wake, hakutaja siasa. Nami niliyesimama na chaki mkononi namwamini.

Mwezi wa Novemba mwaka 1095 aliondoka Baghdad. Aliwaambia watu kwamba anakwenda Makka, na moyoni amekusudia Sham. Aligawa mali yake, akabakisha kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake. Nduguye Ahmad akashika nafasi yake ya kusomesha. Huko Dameski alikaa karibu miaka 2, akipanda mnara wa Msikiti wa Banu Umayya na kujifungia mlango mchana kutwa. Akenda Baitul Mukaddas, akazuru mji wa Al-Khalil, akahiji Makka na kuzuru Madina. Kisha, baada ya hija, watoto wake wakamvuta, akarudi nyumbani, yeye aliyedhani kuwa hatarudi tena. Alikiri kwamba hata huko kwao mambo ya ahali na riziki yalimkatiza faragha yake mara kwa mara, lakini hakuacha kuirudia. Mambo hayo yaliendelea kwa muda wa miaka 10 au 11.

Katika miaka hiyo ndipo alipoandika Ihya Ulum al-Din, chenye vitabu 40 ndani yake. Kitabu cha 10 kinahusu kupanga nyiradi za mchana na usiku. Mimi nilidhani nitakuta humo amri ya kukesha na kujitesa. Sivyo. Mchana ameugawa mafungu 7, kila fungu na kazi yake, na sababu aliyoitoa ni kwamba nafsi ya mwanadamu huchoka upesi ikishikizwa jambo moja, basi huhamishwa kutoka jambo hili kwenda lile. Mwanachuoni, kwa mfano, asubuhi asomeshe, kutoka dhuha hadi alasiri afikiri na kuandika, na baada ya alasiri asikilize akisomewa, kwa kuwa kusoma na kuandika saa hizo huenda kukadhuru macho. Kila kiungo kipate zamu yake ya kupumzika.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba usingizi wenyewe ameuhesabu kuwa ni uradi mmoja katika nyiradi za usiku. Mtu akilala kwa adabu zake, kulala kwake ni ibada. Kailula ya mchana ameisifu, kwa kuwa humsaidia mtu kusimama usiku kama daku inavyomsaidia mwenye kufunga. Kipimo cha usingizi ni muda wa saa 8 katika saa 24. Wavivu lakini wasishangilie. Aliyelala saa hizo zote usiku, hana haja ya kulala mchana. Tena katika Bidayat al-Hidaya ametukumbusha kwamba mwenye kuishi miaka 60 kwa kipimo hicho, 20 imekwenda usingizini.

Wala hakuwapa watu wote ratiba moja. Mwenye kuchuma riziki ya watoto wake hana ruhusa ya kuwaacha na njaa akakaa msikitini kutwa. Uradi wake katika saa za soko ni kazi yake, bali moyo usimsahau Mola. Mwanafunzi ana mpango wake, mtawala ana wake. Hata usiku wa baridi, ulio mrefu, hakuupimia sawa na usiku wa kiangazi, ulio mfupi. Kila mtu apime nguvu alizopewa, kwani nazo ni amana.

Mwaka 1106 Ghazali alikubali kurudi kusomesha, Nishapur, kwa ombi la Waziri Fakhr al-Mulk, mwana wa Nizam al-Mulk. Kazi ilikuwa ile ile. Aliyebadilika ni mfanyakazi. Baadaye akarudi kwao Tus, akajenga madrasa na zawiya kando ya nyumba yake, akaugawa wakati wake baina ya kusoma Kurani, kukaa na watu wema, na kusomesha. Alifariki huko tarehe 18 Desemba mwaka 1111, siku ya Jumatatu. Inasimuliwa kutoka kwa nduguye kwamba alfajiri alitawadha, akasali, akaagiza sanda yake, akaibusu, akajinyosha kuelekea kibla. Umri wake haukufika miaka 54. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Na mimi? Sikwenda Sham. Nina watoto, na mwezi una kodi yake. Lakini nyumba mbili za jioni nimeziacha, na pato lililopungua tunalihisi nyumbani, sitasema uongo. Adhuhuri nikishasali najinyosha kidogo. Baada ya alasiri madaftari nayafunga, mwanangu huja na kitabu akanisomea barazani, nami hufumba macho nikamsikiliza.