Édouard Lucas, mwalimu aliyeipima namba ya tarakimu 39 kwa mkono

Msikilizaji, chukua punje 12 za maharage. Zinapangika mistari 3 ya punje nne nne bila kubaki hata moja. Ongeza punje moja ziwe 13, upange tena: hazikubali. Ndiyo namba tasa hiyo, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Watoto wetu wa Kayanga na Nkwenda wanafundishwa hayo shuleni. Lakini namba ikiwa ndefu mno, tutajuaje kama ni tasa?

Aliyepata njia ni Mfaransa, Édouard Lucas, aliyezaliwa mjini Amiens mwaka 1842. Katika vita vya Ufaransa na Prussia alikuwa ofisa wa mizinga. Baadaye alifundisha hisabati katika shule za sekondari, na alipenda sana michezo ya kuchemsha bongo.

Mwaka 1876 alitangaza namba tasa ya ajabu. Zidisha 2 kwa 2, tena kwa 2, hadi zifike 2 mia moja na ishirini na saba, kisha punguza 1. Unapata namba ya tarakimu 39. Kuijaribu kwa kugawa tu, maisha ya mtu yasingetosha.

Njia yake tuijaribu kwa namba ndogo, 127, ambayo ni 2 saba zilizozidishwa, ukatoa 1. Shika simu yako upande wa kikokotoo. Anza na 3, izidishe kwa yenyewe, toa 2: unapata 7. Fanya hivyo kwa 7, unapata 47. Fanya kwa 47, unapata 2207. Hii imeipita 127, basi igawe kwa 127 na ushike baki tu, yaani 48. Endelea na 48: baki ni 16. Endelea na 16: unapata 254, ambayo ni 127 mara mbili, baki 0. Sifuri hiyo katika hatua ya 5 ndiyo ushahidi kwamba 127 ni tasa. Kwa namba yake kubwa hatua ni 125, naye hakuwa na mashine.

Mwaka huohuo alionyesha pia kwamba 2 zikiwa 67, ukipunguza 1, namba hiyo si tasa, ingawa hakujua inagawanyika kwa ngapi. Jibu alilipata Mmarekani Frank Cole, mwaka 1903.

Lucas hakuwepo kuliona. Mwaka 1891, kwenye karamu ya mkutano wa wanasayansi, mhudumu aliangusha sahani, kipande kikamchana shavuni. Jeraha likaingia maambukizi, akafariki siku chache baadaye akiwa na miaka 49.

Hakuna aliyepata namba tasa kubwa kuliko yake hadi 1951. Iliyotangazwa mwaka 2024 ina tarakimu 41,024,320. Ilithibitishwa kwa kompyuta, kwa kipimo cha Lucas kilichoboreshwa na Mmarekani Derrick Lehmer.