Charles Schulz, mtu wa soni aliyewachekesha walimwengu

Juzi nilikuwa harusini, na kama ada yangu nikajipenyeza nyuma kwa wapishi. Kuchochea kuni chini ya sufuria la pilau hakuhitaji maneno mengi, na mtu aliyeshika upawa hakuna amuulizaye kwa nini hakai na wenziwe. Huu ni ujanja wangu wa miaka mingi. Watu wananisifu kuwa nina moyo wa kusaidia, kumbe ninakimbia viti vya mbele.

Siku hiyo nikamkuta mpwa wangu wa miaka tisa amejibanza chini ya ngazi na daftari lake, anachora. Mzee mmoja akapita, akamsalimu, mtoto akajibu kwa sauti ndogo bila kuinua uso. Mzee akatikisa kichwa, akasema mtoto huyu ana kiburi, hajafunzwa mazoea ya watu. Dada yangu alisikia, na nilimuona alivyobadilika uso. Mimi nikanyamaza, maana kunyamaza ndiko nikuwezako. Lakini neno lile halikunitoka, na leo nataka kulijibu kwa njia niiwezayo, nayo ni kuwasimulia maisha ya mtu mwingine.

Mtu mwenyewe ni Mmarekani, Charles Schulz, aliyefariki mwaka 2000. Huenda jina hulijui, lakini mbwa wake unamjua. Ni yule mweupe mwenye masikio meusi, Snoopy, ambaye tunamkuta kwenye fulana za mitumba na mikoba ya watoto wa shule. Mimi nilimjua kupitia kitabu kikuukuu nilichonunua kwa muuza vitabu wa kando ya barabara nikiwa kidato cha pili. Nilidhani ni kitabu cha kuchekesha tu. Nilipofika katikati nilishangaa, maana kulikuwa na kivulana mwenye kichwa cha duara, Charlie Brown, amekaa peke yake kwenye benchi la shule akila mkate wa siagi ya njugu, akiwatazama wenzake na kujiuliza kama yuko wa kumpenda. Nikajiona mimi mle ndani. Nilikuwa nikila vivyo hivyo, nyuma ya bweni.

Schulz alizaliwa tarehe 26 Novemba 1922 huko Minneapolis, akakulia mji wa jirani, St. Paul, katika jimbo la Minnesota ambako theluji hulala ardhini miezi. Alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake, Carl, alizaliwa Ujerumani na kazi yake ilikuwa kinyozi. Mama yake, Dena, alikuwa wa asili ya Norway. Mtoto alipewa jina la utani Sparky akiwa mchanga kabisa, kutokana na farasi wa kwenye vibonzo vya magazeti, na jina hilo likamganda mpaka kufa kwake. Jumapili baba na mwana walikuwa wakisoma pamoja kurasa za vibonzo za magazeti manne.

Sisi watu wa Pwani twajua kibanda cha kinyozi kilivyo. Ni baraza kamili, habari za mji zote hupita pale. Kwa mtoto mwenye haya ni mahali pa mitihani. Schulz aliwahi kusimulia kuwa baba yake akimnyoa, kisha akaingia mteja wa kulipa, mtoto aliinuliwa kitini akasubiri kando, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, watu wakimtazama. Baba yake Charlie Brown naye ni kinyozi. Hakubuni mbali.

Shuleni alirushwa madarasa, na matokeo yake akawa mdogo kuliko wenzake wote, kwa umri na kwa umbo. Tulidhani kurushwa darasa ni heri tupu. Kwa mtoto wa soni ni kutupwa katikati ya majitu. Mwaka 1937 mchoro wake wa mbwa wao, Spike, aliyekuwa na tabia ya kumeza pini na nyembe, ulichapishwa katika safu mashuhuri ya magazeti ya mambo ya ajabu. Lakini alipokaribia kumaliza sekondari, akapeleka michoro yake kwenye kitabu cha mwaka cha shule, haikutumiwa hata mmoja. Jambo hilo alilikumbuka hadi uzeeni. Hao watu wakimya, ndugu msomaji, msidhani wamesahau. Wameweka.

Hakwenda chuo. Alijiandikisha kujifunza uchoraji kwa posta, katika shule iliyokuwa Minneapolis, mwendo mfupi tu kutoka kwao. Ada ilikuwa dola 170, na baba yake alizilipa kwa taabu. Katika somo la kuchora watoto walimpa C+. Nacheka kila nikikumbuka hilo, maana mtu huyu ndiye aliyekuja kuchora watoto kwa muda wa miaka hamsini, dunia nzima ikamsoma.

Halafu likaja jambo ambalo naamini ndilo chanzo cha yote. Mama yake aliugua saratani. Mwaka 1943 kijana akaitwa jeshini, vita vya pili vya dunia vikiwa vimepamba moto. Alipewa ruhusa fupi ya kwenda nyumbani. Alipokuwa akiondoka jioni kurudi kambini, mama alimwambia kutoka kitandani kwamba waagane, kwa sababu huenda wasionane tena. Akafa punde tu baada ya hapo. Schulz akazika, akapanda treni ya kijeshi akiwa na miaka ishirini, mtoto wa pekee asiyejua kuzungumza na wageni, miongoni mwa askari asiomjua hata mmoja wao. Alifika Ulaya, akawa kiongozi wa kikosi kidogo cha bunduki za rashasha, akarudi salama. Katika maisha yake yote, alipoulizwa habari za upweke, alirejea kwenye miaka ile ya jeshi.

Kuna jambo la mama yake ambalo watu hawalijui. Zamani alipokuwa mzima, aliwahi kusema kuwa wakipata mbwa mwingine wamwite Snoopy, jina linalokaribia neno la mapenzi la Kinorway. Schulz alipoanza vibonzo vyake alitaka kumwita mbwa jina jingine, akakuta limeshatumiwa na mchoraji mwenzake. Ndipo akakumbuka la mama. Kwa hiyo jina lile lililoko kwenye mkoba wa mwanao ni neno la mama aliyekufa kabla hajaona hata mchoro mmoja wa mwanawe ukipata umaarufu.

Baada ya vita alirudi kwenye ile shule ya posta, safari hii akiwa mwalimu wa kusahihisha. Mwaka 1947 gazeti la mjini kwao, St. Paul Pioneer Press, likaanza kumchapishia vibonzo vya watoto kila wiki. Mwaka 1950 kampuni moja ya New York ikampokea, na tarehe 2 Oktoba 1950 katuni zake zikatoka katika magazeti saba. Kampuni ikazibatiza Peanuts, yaani Njugu. Yeye hakulipenda jina hilo kamwe, aliliona linadharau kazi. Mimi simlaumu. Njugu sisi twatafuna barazani kupitisha wakati, karatasi twaitupa.

Mwaka huohuo alimposa binti mmoja mwenye nywele nyekundu aliyekuwa akifanya kazi ya hesabu pale shuleni. Binti akamchagua mwengine. Miaka kumi na moja baadaye, 1961, Charlie Brown akaanza kumtazama kwa mbali binti mdogo mwenye nywele nyekundu, na akaendelea kumtazama miaka na miaka bila kuthubutu kumsemesha. Sura ya binti yule Schulz hakutuonyesha wazi. Wako waliouliza kwa nini. Nadhani mtu wa soni hahitaji kuuliza, maana yule umpendaye usiyeweza kumkabili, uso wake hata wewe mwenyewe hujautazama sawasawa.

Basi nieleze ucheshi wake ulivyo, kwa wale waliozoea vituko vya Juha Kalulu wa Taifa Leo. Juha hutuchekesha kwa vitendo. Schulz alichekesha kwa mambo yasiyotendeka. Barua haiji. Charlie Brown hufungua sanduku lake siku ya wapendanao, halina kitu. Tiara yake haipai, inanaswa na mti, na mti wenyewe unaila. Timu yake ya besiboli inafungwa. Msichana mkali, Lucy, humshikia mpira aupige teke, na kila mara huuondoa dakika ya mwisho, naye huanguka chali. Lucy huyohuyo amefungua kibanda cha ushauri wa moyo kwa senti tano, na ushauri wake ni wa kukukata maini. Yuko Linus, mwerevu kuliko wote, asiyeweza kutoka bila blanketi lake. Yuko Schroeder, ameinamia piano yake hamtazami mtu. Watu wazima hawaonekani kabisa. Vyumba vinne vidogo vya mistari michache, basi.

Na yuko Snoopy, ambaye kwangu ndiye siri yote. Hasemi neno. Amelala juu ya paa la kibanda chake, ukimuona utasema mbwa mvivu. Kumbe mle kichwani yeye ni rubani wa vita vya kwanza vya dunia, anapigana angani, anapigwa risasi, anavuka mashamba ya Ufaransa usiku. Ni mwandishi wa riwaya pia. Na kibanda chenyewe, ambacho hatukuonyeshwa ndani yake, twaambiwa kina meza ya biliadi na mchoro wa Van Gogh. Mzee wangu wa harusini angempita Snoopy akasema ana kiburi.

Umaarufu ulipokuja ulikuja kwa kishindo. Magazeti zaidi ya 2,600 katika nchi 75. Filamu ya televisheni mwaka 1965. Mei 1969 wanaanga wa Apollo 10 waliviita vyombo vyao viwili Charlie Brown na Snoopy, wakauzunguka mwezi. Na mwenyewe? Hakupenda kusafiri, aliamka na wasiwasi, akiwa hotelini alitamani kwake. Alihamia California mwaka 1958, na mjini Santa Rosa akajenga uwanja wa barafu uliofunguliwa 1969. Kila siku alikwenda pale kula asubuhi na mchana, meza ileile, kisha akatembea mpaka chumba chake cha kuchorea. Hakuwa na msaidizi wa kumchorea hata herufi. Alioa mara mbili, akalea watoto watano. Mwaka 2007 kilitoka kitabu kikubwa cha maisha yake, na watoto wake wakalalamika kuwa kimemfanya mtu wa majonzi kupita kiasi. Mimi niko upande wa watoto. Mtu anaweza kupenda kona yake na akawa na raha zake humo.

Kwamba alikuwa mkimya haina maana alikuwa mwoga. Mwaka 1968, baada ya kuuawa Martin Luther King, mwalimu mmoja wa Los Angeles alimwandikia akimuomba aingize mtoto mweusi katika vibonzo vyake. Alisita mwanzo, akihofia asionekane anawafanyia watu weusi hisani ya juujuu. Waliandikiana, wazazi weusi nao wakamwandikia, na tarehe 31 Julai mwaka huo Franklin akatokea. Alitokea pwani, ufukweni. Mpira wa Charlie Brown ulichukuliwa na maji, Franklin akamrejeshea, wakajenga pamoja ngome ya mchanga. Baada ya hapo mhariri mmoja wa kusini mwa Marekani akalalamika kuona watoto weusi na weupe darasa moja, na mkubwa wa kampuni naye akawa na wasiwasi. Mtu wa soni akajibu kwa ufupi kwamba wachapishe alivyochora, ama yeye anaacha. Wakachapisha.

Mwaka 1981 alifanyiwa upasuaji wa moyo, na mkono ukaanza kutetemeka. Itazame michoro yake ya baadaye, utaona mistari inatikisika kama kivuli majini. Akaendelea vivyo hivyo. Novemba 1999 akapigwa na kiharusi, ikaonekana pia ana saratani, Desemba akatangaza kuacha. Alifariki usiku wa Jumamosi tarehe 12 Februari 2000. Katuni yake ya mwisho ya Jumapili, ya kuaga wasomaji, ilikuwa imeshachapwa, ikawafikia watu asubuhi yake pamoja na habari za kifo. Zilikuwa 17,897 kwa jumla. Aliacha agizo kwamba pasiwe na mwingine wa kuziendeleza.

Kile kitabu changu cha kidato cha pili nimempa mpwa wangu. Jalada limetoka, nimelishona kwa uzi. Amekaa nacho siku nne bila kusema kitu, dada yangu akadhani hakukipenda. Ijumaa alinifuata jikoni, akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini: mjomba, mle ndani ya nyumba ya yule mbwa mnaingiaje meza ya biliadi? Nikamwambia sijui, hakutuchorea. Akafikiri kidogo, akaenda kulichukua daftari lake.