Dedan Kimathi: Kutoka Machela hadi Sanamu

Dedan Kimathi wa Waciuri alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 katika kijiji cha Thegenge, Tetu, wilayani Nyeri. Alilelewa na mama yake, Waibuthi, katika mazingira ya ufukara. Alianza masomo Karuna-ini, na karo aliitafuta mwenyewe kwa kuokota mbegu za miti na kuziuza kwa idara ya misitu. Baadaye alijiunga na shule ya wamishonari wa Kiskoti huko Tumutumu. Kiingereza alikipenda, mjadala alikuwa bingwa wake, lakini nidhamu ya shule haikumkaa vizuri na karo ilimshinda mara kwa mara. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 aliingia jeshini akatoka baada ya muda mfupi. Akafanya vibarua, akauza maziwa, akafundisha shule. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza kwamba katika kipindi hicho Kimathi alianzisha kikundi cha maigizo kilichoitwa Gichamu. Jambo hili hutajwa kwa nadra na wanahistoria, ilhali lina uzito wake kwa mwanafunzi wa fasihi: kabla ya kuwa jemadari, Kimathi alikuwa mtu wa jukwaani, aliyejua kwamba hadhira huvutwa kwa kile inachokiona.

Siasa zilimchukua kupitia chama cha KAU, ambapo alikuwa katibu wa tawi katika maeneo ya Ol Kalou na Thomson's Falls, mji ambao leo ni Nyahururu. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, viongozi wengi wa mjini walitiwa mbaroni usiku mmoja. Muda si muda Kimathi aliingia msitu wa Nyandarua.

Huko msituni alifanya jambo lililowashangaza hata maadui zake. Aliandika. Aliandika barua, kumbukumbu za mikutano, orodha za wapiganaji na za waliokufa, akasisitiza kila kambi iwe na karani. Mwaka 1953 aliongoza kuundwa kwa Baraza la Ulinzi la Kenya, na mnamo Februari 1954 likafuatwa na Bunge la Kenya, naye akiwa waziri mkuu wake. Si wote waliofurahia utawala huo wa kalamu. Stanley Mathenge, jemadari mwenzake ambaye hakuwa amesoma, alijitenga na kundi lake, na mgawanyiko kati ya waliosoma na wasiosoma uliwadhoofisha wapiganaji pakubwa. Aidha, ni lazima isemwe kwamba Kimathi alikuwa mkali kupindukia. Kadiri msako ulivyozidi ndivyo alivyozidi kuwashuku watu wake, na baadhi yao waliuawa kwa amri yake. Tawasifu zinazomchora kama malaika hazimtendei haki; zile zinazomchora kama mnyama zilianza kuandikwa na wale waliokuwa wakimwinda.

Vita hivyo havikuwa vya Nyeri pekee. Upande wa pili wa Mlima Kenya, kuanzia Embu hadi Meru, katika maeneo kama Kanja na Runyenjes, hali ya hatari iliingia katika kila boma. Serikali iliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru katika fungu moja la kushukiwa na kuwapa pasi zao maalumu za kusafiria. Zaidi ya watu milioni 1 wa maeneo hayo walihamishwa kwa nguvu katika miaka ya 1954 na 1955, wakasongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa na homugadi. Pembezoni mwa msitu wa Mlima Kenya wanakijiji, wengi wao wanawake, walilazimishwa kuchimba handaki la urefu wa kilomita 80 hivi, ndani yake mkachomekwa vijiti vya mianzi vilivyochongwa, ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Embu ilimtoa Jenerali Kubukubu. Meru ikamtoa Musa Mwariama, aliyebaki msituni hadi uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Kwa watu wa huku, Kimathi hakuwa jirani wala jamaa. Alikuwa jina lililovuka mlima, na wengi hawakupata kumwona hata siku moja.

Walimwona kwa mara ya kwanza akiwa amelala chini.

Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, ukingoni mwa msitu karibu na kwao Tetu, askari wa kikabila aliyeitwa Ndirangu Mau alimpiga risasi mtu aliyekuwa amevaa koti la ngozi ya chui. Ulikuwa mwisho wa msako uliokuwa ukiongozwa na afisa wa polisi Ian Henderson. Kimathi alijeruhiwa, akawekwa kwenye machela, na hapo akapigwa picha: nywele zilizosokotana zikiwa zimetawanyika, pingu mikononi. Serikali haikukawia. Habari za kukamatwa kwake zilichapwa katika vipeperushi kwa maelfu na kusambazwa vijijini. Ikumbukwe kwamba wengi wa waliopokea karatasi hizo hawakujua kusoma. Kwa hiyo ilikuwa kazi ya macho, si ya maandishi. Kila aliyemdhania Kimathi kuwa jitu lisiloshikika alitakiwa amtazame akiwa chali.

Hapana budi kuiita picha hiyo kwa jina lake. Ilikuwa sanaa ya hadharani, iliyotungwa kwa lengo, ikachaguliwa upande wa kutazamia, ikapelekwa sokoni na kwenye baraza la chifu. Wanafunzi wa sanaa wamezoea kudhani kwamba sanaa ya mahali pa umma ni sanamu na michoro ya ukutani tu. Mkoloni aliielewa dhana hiyo kwa upana zaidi. Jijini Nairobi alikuwa amemsimamisha Lord Delamere, kinara wa walowezi, katika barabara iliyobeba jina lake. Na vijijini akamlaza Kimathi. Taswira hizo mbili zilisomwa pamoja.

Kesi ilisikilizwa Nyeri mwezi Novemba 1956 mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na washauri watatu Waafrika. Hakushtakiwa kwa uasi wala kwa mauaji bali kwa kupatikana na bastola na risasi, kosa ambalo chini ya sheria za hali ya hatari lilitosha kumnyonga mtu. Alijitetea kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Hakuaminiwa. Rufani ilikataliwa, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti akiwa na umri wa miaka 36. Alizikwa humo humo gerezani, katika kaburi lisilo na alama. Familia haikupewa mwili, na mkewe, Mukami, hakuoneshwa mahali.

Katika mila za jamii za Mlima Kenya, kama kwingineko Afrika, mtu aliyekufa bila kaburi linalojulikana hajamaliza safari yake. Mambo yaliyofanywa kwa jina la Kimathi katika miaka iliyofuata yanaeleweka vyema zaidi yakitazamwa kama utafutaji wa mahali pa kumweka.

Serikali huru ilianza na barabara. Hardinge Street, katikati ya Nairobi, iliitwa Kimathi Street. Sanamu ya Delamere iliondolewa na kupelekwa shambani kwa familia yake. Hata hivyo, kibao cha jina la barabara ni kitu rahisi. Hakina sura wala hakidai maelezo. Chama cha Mau Mau kilichokuwa kimepigwa marufuku mwaka 1950 kiliendelea kuwa haramu kisheria baada ya uhuru. Wapiganaji waliotoka msituni walikuta mashamba yamekwisha gawanywa, na waliodai zaidi hawakuvumiliwa: Baimungi wa Meru aliuawa na majeshi ya serikali huru mwaka 1965. Sababu inajulikana ingawa ilisemwa kwa sauti ya chini. Nchini Nyeri, Embu na Meru, watoto wa homugadi na watoto wa wapiganaji walikuwa wakisoma darasa moja na kuabudu kanisa moja, na mara nyingi wa kwanza ndio waliokuwa na ardhi na elimu. Kumsimamisha Kimathi hadharani kungekuwa kuuliza nani alikuwa wapi. Ilipofika miaka ya 1970, sanamu kubwa iliyosimikwa jijini ilikuwa ya Jomo Kenyatta, ameketi kwenye kiti katika uwanja wa jumba la mikutano la KICC, kazi ya mchongaji Mwingereza James Butler.

Waliomrudisha Kimathi mitaani walikuwa watu wa maigizo. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, iliyochapishwa mwaka 1976 na baadaye kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi, ilioneshwa mwaka huo huo katika Jumba la Sanaa la Taifa jijini Nairobi. Kwa mujibu wa masimulizi ya Ngũgĩ, hadhira iliinuka mwishoni ikafuatana na waigizaji hadi nje, ikicheza na kuimba. Msomaji aliyesoma tamthilia hiyo darasani kama kitabu cha mtihani huenda hajawahi kuifikiria hivyo, yaani kama kazi iliyovunja ukuta wa jumba na kumwaga Kimathi barabarani. Kwa muda wa usiku mmoja, barabara yenyewe ilikuwa sanamu.

Ilibidi ingojewe miaka mingine 30. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003 chini ya serikali ya Mwai Kibaki, mzaliwa wa Nyeri. Tarehe 11 Desemba 2006 jiwe la msingi liliwekwa katika makutano ya Kimathi Street na Mama Ngina Street, na tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu kunyongwa, Rais Kibaki akaizindua sanamu ya shaba nyeusi yenye urefu wa mita 2.1, kazi ya mchongaji Mkenya Kevin Oduor. Kimathi amesimama. Nywele ni zile zile za picha ya machela, lakini mwili umevishwa mavazi ya kijeshi badala ya ngozi ya chui. Mkono wa kulia umeshika bunduki, wa kushoto jambia. Mahakama ya Nyeri ilimhukumu kwa bastola. Mchongaji amemwongezea silaha, na pingu amezitupa.

Je, jamii iliipokeaje? Wapiganaji wazee walilia na kushangilia. Wapo waliouliza kwa nini fedha zisiende kwa wakongwe wanaoishi bila ardhi, na swali hilo lilikuwa la haki. Lakini mji ulijibu kwa njia yake. Sanamu iliwekwa mahali penye msongamano wa wapita njia, si ndani ya ua wenye mlinzi, na kwa hiyo watu waliichukua: wakapeana miadi chini yake, wakapiga picha mbele yake. Kenyatta wa KICC huendewa kwa nia. Kimathi hukutwa njiani. Tofauti hiyo ina maana kubwa kuliko ubora wa ufinyanzi wa uso, ambao kwa kweli si wa kusifiwa sana.

Pamoja na hayo, shaba hiyo imebeba mzigo usio wake. Mtu mmoja mwenye bunduki amefanywa kuwa sura ya vita vilivyopiganwa pia kwa vikapu vya viazi na kwa majembe yaliyochimba handaki la kulazimishwa. Anayesafiri kutoka Kanja hadi Nairobi hupitia mji wa Embu, ambako Kubukubu amepewa barabara. Atamkuta Kimathi kwenye shaba. Handaki lenyewe lilifukiwa na mvua na mashamba. Kwa kiasi fulani pengo hilo lilizibwa tarehe 12 Septemba 2015, pale mnara wa kuwakumbuka walioteswa ulipozinduliwa katika bustani ya Uhuru kwa fedha za serikali ya Uingereza, baada ya maafikiano ya mwaka 2013 na wakongwe 5,228. Mnara huo hauna shujaa mwenye jina. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, nao wamepeana visogo ili asiwepo wa kumtaja mwenzake akikamatwa. Mwanamke wa Embu au Meru aliyekuwa hai mwaka 1955 angeweza kujitambua hapo kwa urahisi zaidi kuliko kwenye Kimathi Street.

Na kaburi? Mwezi Oktoba 2019 wakfu unaobeba jina la Kimathi ulitangaza kwamba limepatikana Kamiti. Serikali ikakanusha mara moja. Mukami, aliyekuwa amelidai kwa serikali moja baada ya nyingine tangu uhuru, alifariki mwezi Mei 2023 na kuzikwa Njabini, Nyandarua, bila mumewe kando yake.