Edwin Fellows, mpangaji wa nguo dukani aliyetengeneza kisu cha kukata meno ya mashini

Kila mara dereva anapobadili vitesi, magurudumu ya chuma yenye meno yanaumana ndani ya bwati. Mafundi wa garaji wanayaita pinyo. Meno hayo yakikatwa vibaya hata kidogo, pinyo zinapiga kelele, zinapata moto na kuisha mbio. Mtu mumoja aliyebadili namna ya kuyakata ni Mmarekani Edwin R. Fellows.

Fellows alizaliwa munamo mwaka wa 1865 huko Torrington, katika jimbo la Connecticut. Hakufunzwa uhandisi chuoni. Akiwa kijana, kazi yake ilikuwa kupanga nguo katika madirisha ya duka ili wapita njia wavutiwe. James Hartness, fundi aliyemfahamu, aliona kwamba kijana huyo ana akili ya vyombo. Munamo mwaka wa 1889, Hartness alipochukua kazi katika kiwanda cha mashini cha Jones & Lamson, mjini Springfield, jimbo la Vermont, alimushawishi Fellows aende naye. Hapo ndipo muuza duka alianza kuchora mashini.

Wakati ule, fundi alikata pinyo kwa kutumia kisu cha mviringo chenye umbo la nafasi iliyo kati ya jino na jino. Shida ni kwamba umbo hilo linabadilika kufuatana na hesabu ya meno: pinyo ya meno 12 haina jino sawa na ile ya meno 50. Ili kupunguza gharama, viwanda vilitumia visu 8 kwa kila ukubwa wa jino. Kisu kimoja kilikata pinyo za meno 35 hadi 54, ijapokuwa umbo lake lilikuwa sahihi kwa hesabu moja tu. Zingine zilitoka na kasoro.

Fellows alifikiri kwa njia ingine. Ikiwa pinyo mbili nzuri zinaumana bila kukwama, kwa nini moja isiwe kisu cha kukata ingine? Alitengeneza kisu cha chuma kigumu chenye umbo la pinyo, na meno yake yenye makali. Kisu kinapanda na kushuka kama patasi, na wakati huohuo kinazunguka polepole pamoja na chuma kinachokatwa, kana kwamba vimekwisha kuumana. Umbo la jino linajitokeza lenyewe. Kisu kimoja kinatosha kwa hesabu zote za meno za ukubwa ule.

Lakini kulibaki kizuizi kikubwa. Ili kisu kiwe kigumu, kinapashwa moto mpaka kiwe chekundu, kisha kinapozwa kwa haraka. Chuma kikifanyiwa hivyo, kinajipinda kidogo, na umbo sahihi linapotea. Kisu chenye kasoro kingezaa pinyo zenye kasoro vilevile. Basi Fellows akaunda mashini ya pili, ya kunoa kisu baada ya kukipitisha motoni. Jiwe la kunolea lilikuwa na uso ulionyooka, nacho kisu kilibingirika mbele yake. Kwa hiyo kipindo cha jino kilitokana na mstari ulionyooka, kitu ambacho fundi anaweza kukipima na kukihakikisha. Bila mashini hiyo ya pili, ile ya kwanza isingekuwa na faida.

Munamo mwaka wa 1896 alianzisha kampuni yake, Fellows Gear Shaper Company, palepale Springfield. Munamo mwaka wa 1899 alipewa medali ya John Scott, inayotolewa kwa wavumbuzi huko Philadelphia.

Bahati ilikuwa upande wake. Miaka ileile magari yalianza kuenea, nayo yalihitaji pinyo nyingi, ngumu na zisizo na kelele. Mashini yake iliweza pia kukata meno ya upande wa ndani wa duara, na meno yaliyokaribiana sana na pinyo ingine kwenye chuma kimoja, pahali ambapo kisu cha mviringo hakipati nafasi ya kupita.

Fellows alifariki munamo mwaka wa 1945. Njia yake ingali inatumika viwandani hadi leo.