Dražen Petrović na rafiki aliyempoteza kwa bendera

Safari hii tuuweke kando mpira wa miguu. Nawaletea maisha ya Dražen Petrović, mkali wa kikapu ambaye wengi wetu tuliokua tukimshabikia Jordan tulikuwa hatumjui. Mimi nilimfahamu kupitia filamu ya dokumentari iitwayo Once Brothers, iliyotoka mwaka 2010.

Petrović alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1964 mjini Šibenik, Kroatia, wakati huo ikiwa sehemu ya Yugoslavia. Tangu utotoni alikuwa mtu wa mazoezi kwelikweli: asubuhi na mapema, kabla ya shule, alishafika uwanjani kurusha mpira. Akiwa na Cibona ya Zagreb alitwaa ubingwa wa klabu za Ulaya mara mbili mfululizo, 1985 na 1986. Mwaka 1985 alifunga pointi 112 katika mechi moja. Si mchezo!

Mwaka 1989 akaenda Marekani kuchezea Portland. Mwaka huohuo rafiki yake Vlade Divac, Mserbia, alijiunga na Lakers. Kwenye kambi ya timu ya taifa hawa wawili walikuwa wanalala chumba kimoja. Portland walimweka sana benchi, na Divac ndiye aliyekuwa akimliwaza kwa simu.

Kisha ikaja Agosti 1990. Yugoslavia ilitwaa ubingwa wa dunia kule Buenos Aires, na katika shangwe zile shabiki mmoja akaingia uwanjani na bendera ya Kroatia. Divac akamnyang'anya. Mwenyewe anaeleza kwamba angeondoa bendera yoyote ile, maana ushindi ulikuwa wa Yugoslavia nzima. Wakroatia wengi waliona ni tusi. Mwaka 1991 vita vikalipuka, na Petrović akajitenga naye kabisa. Wakawa wanakutana uwanjani kama watu wasiojuana.

Kikapu chenyewe kilizidi kumnyookea. Mwaka 1992 aliiongoza Kroatia kupata medali ya fedha katika Olimpiki ya Barcelona, na msimu wa 1992/93 akiwa New Jersey Nets alifunga wastani wa pointi 22.3 kwa mechi. Basi tarehe 7 Juni 1993 gari alilopanda lilipata ajali barabarani Ujerumani, akafariki papo hapo. Alikuwa na miaka 28 tu. Hawakuwahi kupatana. Katika filamu, Divac anakwenda Zagreb kumwona mama wa marehemu, kisha anazuru kaburi.

Jamani, sisi tunaosomea uhandisi tunafundishwa kukagua ufa ungali mdogo. Wazee wetu walishasema usipouziba utajenga ukuta. Hapa chuoni tunapika sufuria moja, lakini habari za uchaguzi au mapigano zikifika kutoka nyumbani, wapo wanaoacha kusalimiana. Kama una mwenzako wa namna hiyo, mpigie simu wiki hii.